Disketi ya Mwandishi Losike

Katika Lodwar nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kusoma kitabu cha Losike, na labda ndiyo maana kila mtu alikisifu. Kitabu kilikuwa ndani ya disketi, disketi ilikuwa imefungwa kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Kompyuta ya kuisoma ilikwisha kusahauliwa na dunia. Mtu akiuliza, "Mzee, kitabu kitatoka lini?" Losike alitazama juu kidogo, akashusha pumzi na kusema, "Haya mambo ya kompyuta, ndugu yangu." Muulizaji naye alitikisa kichwa, akazilaani kompyuta, kisha akamwongezea mzee chai.

Wakamwita Mwandishi, na jina hilo lilikuwa na faida zake. Watu wakichinja, wanaume hukaa nusu duara kula nyama, kila mmoja na rika lake, wala hakuna anayethubutu kujisogeza mbele. Losike hakujisogeza. Alivutwa. Alikalishwa pamoja na wazee waliomtangulia kwa mbali kiumri, na nyama ya heshima ikamfikia kabla haijawafikia watu wa rika lake, ambao walimezea mate na kunyamaza. Harusini alitoa nasaha, mazishini alisoma wasifu, shuleni aligawa zawadi zilizonunuliwa na wengine. Ukila hivyo kwa karibu miaka thelathini, unaanza kuamini kwamba mbuzi wote wa Turkana walizaliwa kwa ajili yako.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Katika miaka ya tisini misheni moja karibu na Nariokotome ilimpa kinasa sauti, mkoba wa kanda na kazi ya kuzunguka kutoka ziwani hadi milima ya Loima, akanase masimulizi ya wazee kabla hawajaondoka nayo. Losike alizunguka kweli, hilo tusimnyime. Kila boma lilimchinjia, kwa sababu mgeni aliyekuja kuchukua maneno ya babu zako humpi uji. Alibonyeza kitufe, akaweka kinasa chini karibu na mzungumzaji, kisha akageukia nyama.

Akirudi nyumbani alizitupa kanda mezani kwa mkewe, Namuria, aliyekuwa mpiga chapa wa misheni ile. Kazi ya Namuria ilikuwa kuzisikiliza na kuzichapa kwenye kompyuta ambayo padre wa misheni aliiweka pale nyumbani kwao. Lakini kanda mpya zilikuwa adimu na nyimbo za redioni zilikuwa tamu, kwa hiyo baada ya siku chache Losike alizichukua kanda zilezile, akarekodia muziki na mpira juu ya sauti za wazee. Padre aliyeusimamia mradi alipomaliza muda wake, alifungasha vitu vyake na kompyuta yake, akarudi kwao. Namuria akampa mumewe disketi ndani ya kitambaa, akamwambia, "Kazi yako iko humu."

Losike hakuuliza ni kazi gani. Alijua kanda zimejaa muziki, na alikisia kwamba kwenye disketi hamna zaidi ya kurasa chache za mwanzo, labda na barua za parokia. Aliishukuru disketi kwa kuwa na mdomo uliofungwa. Namuria alifariki miaka kadhaa baadaye bila ya yeye kumuuliza, na wazee waliosimulia walikwisha kufa mmoja mmoja. Losike ndiye aliyesoma wasifu wao.

Balaa lilikuja likiwa limevaa kitambulisho shingoni. Alikuwa Akiru, msichana mwenye bidii aliyeajiriwa kwenye idara ya utamaduni ya kaunti, na bidii ya mtu mwingine ni kitu kibaya sana kwa mtu mwenye siri.

"Ejok, Mzee," alisema Akiru, akiketi kwenye kigoda.

"Ejok, mwanangu."

"Mzee, mimi nyanya yangu ni ile Akoru ya Namoruputh. Alikufa mbele ya mimi kuzaliwa. Mama anasema wewe ulikuja kwa boma yao na redio, ukashika sauti yake."

"Nilishika," alisema Losike, na hapo alikuwa mkweli kabisa.

"Basi Mungu ni mkubwa. Kuna kisomeo cha disketi nimeagiza kutoka Nairobi, imefika. Tutatoa hiyo kitabu yako, Mzee! Uzinduzi ni Eliye Springs, huko ziwani, na wageni nimeshaita. Mimi nataka tu kujua nyanya alisema nini. Hata kama ni ukurasa moja."

Losike alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Mtu aliyelalamika kwa miaka yote hiyo kwamba kompyuta zimemnyima kitabu chake atakataaje kompyuta ikija na kitabu mkononi? Alitoa sanduku, akatoa kitambaa, akatoa disketi. Aliishikilia kwa nguvu kabla ya kuiachia. Akiru alipoona hivyo, machozi yalimlengalenga.

Ofisini Akiru alichomeka kisomeo kwenye laptopu yake, akaitia disketi. Kisomeo kikanguruma, kikakoroma, kikanyamaza. Maneno ya Kiingereza yakatokea kwenye skrini.

"Inasema nini?" aliuliza Losike.

"Inasema haielewi hii disketi. Eti inauliza kama inaweza kuifomati ndipo itumike. Hiyo ni kufuta kila kitu."

Moyo wa Losike uliruka kwa furaha. "Kompyuta ikiomba kwa heshima namna hiyo," alisema taratibu, "si ungeikubalia tu?"

Akiru alicheka mpaka akashika meza. Alasiri hiyo aliisimulia ofisi nzima jinsi Mwandishi alivyo mtu wa utani hata wakati wa shida, na heshima ya Losike ikapanda tena bila ya yeye kuitafuta. Alirudi nyumbani akiwa na matumaini kwamba mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Siku iliyofuata Akiru alimpigia simu kwamba amempata mtu Kakuma.

Mtu huyo aliitwa Wol. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya Kakuma, fundi wa simu na kompyuta kwenye soko la Kakuma One, na alijulikana kwa ugonjwa wa kuokota mashine zilizotupwa na mashirika na kukataa kuziuza kwa vipuri. Akiru aliiweka simu kwa sauti kubwa mbele ya mzee, na Wol akauliza disketi iliandikwa kwa mashine ya aina gani. Losike angeweza kusema amesahau. Lakini majivuno yana ulimi wao wenyewe, na kabla hajajizuia alikwisha kutamka, "Macintosh," kama alivyokuwa akitamka kwenye harusi.

"Sawa, kumbe ndio hiyo," Wol alisema. "Hiyo ya kisasa inazungusha disketi na mwendo moja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hiyo mashine ya zamani ilikuwa inabadilisha mwendo, huku pole pole, huku mbio. Ile mpya haiwezi kufuata. Disketi haina makosa, dada. Leteni. Mimi niko na mashine ya zamani, na inatembea."

Ikabidi safari ya Kakuma ifanywe. Asubuhi ya kuondoka, mama yake Akiru alichinja mbuzi ili njia iwe nyeupe. Wakampasua tumbo, na mwanamke mzee wa boma akachota yale majani mabichi yaliyosagika tumboni, akawapaka wasafiri kifuani, huku wote wakiitikia baraka. Losike akaona mlango umefunguka. Aliomba disketi, akainyosha mbele ya yule mwanamke mzee.

"Na hii pia ibarikiwe," alisema. "Ibarikiwe sana."

Yule mwanamke hakuwa mchoyo. Aliipaka mbele, akaipaka nyuma, akaisugua kwa kiganja kizima, na wanawake wakapiga vigelegele. Losike aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Kumbe Akiru alikuwa ameitia disketi ndani ya mfuko angavu wa plastiki wa kufungia nyama, akaufunga vizuri. Aliufuta mfuko kwa kitambaa na disketi ndani yake ilikuwa kavu, safi, imebarikiwa.

Mzee alibakiwa na silaha moja. Nyumbani alikuwa na redio mbovu. Jana yake alikuwa ameibandua spika, akaitoa sumaku yake nzito, akaitia mfukoni mwa koti. Hakuwa na elimu kubwa ya kompyuta, lakini Namuria alimwonya enzi zile asithubutu kuweka spika karibu na disketi. Hilo alilikumbuka. Ajabu ni kwamba katika yote aliyoambiwa na mkewe, hilo ndilo alilolishika.

"Acha niishike mwenyewe njiani," alimwambia Akiru walipopanda gari la kaunti. "Ni jasho langu."

Akiru alikaa mbele na dereva. Losike alikaa nyuma, akaitoa disketi kwenye mfuko, akaitia mfukoni mwa koti pamoja na sumaku, na kutoka Lodwar hadi Kakuma alisugua. Barabara siku hizi ni lami tupu, gari linateleza, na mkono wa mzee ulifanya kazi bila bughudha. Alisugua vilima vikipita, alisugua ngamia wakipita. Kuna mahali alihema kwa uchovu, na Akiru akamnong'oneza dereva apunguze muziki kwa kuwa mzee amejaa hisia.

Duka la Wol lilikuwa la mabati, na ndani lilikuwa na joto la kuoka mkate. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuinama hata mahali ambapo paa lilimruhusu kusimama. Alimpa Losike mkono kwa mikono miwili, akamwita baba, akamletea kiti na chai yenye sukari nyingi. Juu ya meza ya chuma ilikaa Macintosh, kisanduku cha rangi ya njano iliyochoka, na kando yake laptopu mpya.

Wol alikisogeza kile kifuniko kidogo cha chuma cha disketi kwa kucha, akachungulia. "Ina ukungu kidogo," alisema. Alichovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha juu ya utando mweusi polepole, akauzungusha, akapitisha tena. Kisha akakisafisha na kisomeo cha mashine. Alifanya yote hayo bila haraka, na Akiru akawa anatafuna kamba ya kitambulisho chake.

Losike peke yake ndiye aliyetulia. Alikunywa chai yake vizuri. "Wanangu," alisema, "kama imeharibika, imeharibika. Tusihuzunike sana. Mimi nimeshazoea."

Wol akaisukuma disketi ndani. Mashine ikaguna. Ikavuta pumzi, ikaguna tena kwa sauti nyingine, nyembamba zaidi, kisha nene, na kwenye skrini ndogo kikatokea kipicha cha disketi. Chini yake palikuwa na jina ambalo mtu aliipa siku ile alipoianzisha: LOSIKE.

Akiru alipiga kofi moja kali la furaha. Losike alimwagikiwa na chai gotini.

"Kalas," alisema Wol. "Inaongea. Baba, wewe si mtu wa mchezo. Hii imejaa mpaka mdomoni. Hata barua moja haiwezi kuingia tena."

"Imejaa nini?" aliuliza Losike.

"Si kitabu yako? Faili moja, kubwa sana. Kurasa na kurasa na kurasa."

Losike aliitazama skrini, na polepole, kama mtu anayeamka, akaelewa. Namuria hakuwa amesubiri. Kila kanda aliyoitupa mezani, mwanamke yule aliisikiliza siku ileile na kuichapa yote, wakati mumewe amelala kivulini akipumzika na mbuzi tumboni. Ile milio ya kibodi aliyoisikia usingizini na kudhani ni barua za parokia ilikuwa ni Namoruputh, ilikuwa ni Loima, ilikuwa ni wazee wote wale. Alipozirekodia nyimbo, kanda zilikuwa tayari zimesikilizwa. Kazi yako iko humu, alimwambia, na ilikuwa humo. Kwa miaka yote hiyo Losike aliwadanganya watu kwamba ana kitabu, na kitabu alikuwa nacho.

Alimtamani mkewe pale, akamtamani kwa uchungu ambao hakuusikia hata siku ya mazishi. Angemwambia nini, hakujua. Kuomba msamaha hakukuwahi kuwa kazi yake.

Wol alikuwa ameanza kukunja uso. Mashine iliguna, ikakwama, ikarudia. "Shida iko," alisema. "Inasoma kidogo, inaruka. Inasoma, inaruka." Alifungua programu yake ya kuokoa vipande, akaiacha ivune inachoweza, kisha akavihamishia vipande hivyo kwenye disketi nyingine ya aina ambayo kompyuta za leo zinaielewa, akaichomeka kwenye laptopu kupitia kisomeo kama kile cha Akiru. Kurasa zikafunguka. Maneno ya Kiturkana yalijaa mstari mmoja, mstari wa pili, halafu alama za ovyo, halafu weupe mrefu.

"Upande moja yote imekufa," alisema Wol. Aliigeuza ile disketi ya zamani mkononi. "Ukungu haiui hivi. Joto pia haiui hivi. Hii ni sumaku, na si zamani."

"Sumaku itoke wapi?" alisema Akiru bila kugeuka. Alikuwa anaperuzi kurasa kwa kidole, akitafuta jina moja tu.

Losike aliona vyema atoke nje apate hewa. Alisimama, na koti halikusimama naye. Mfuko ulikuwa umeng'ang'ania ubavu wa meza ya chuma. Alivuta, akavuta tena, ukaachia, na alipogeuka skrubu ndogondogo za Wol zilirukia mfukoni kutoka kwenye kisahani, zikaning'inia pale kama kupe.

Wol aliutazama mfuko. Akamtazama mzee usoni. Akautazama mfuko tena. Kwao pia mtu hamuumbui mzee mbele ya watoto, kwa hiyo alinyosha mkono wake mrefu, akazichomoa skrubu moja moja, akazirudisha kwenye kisahani. "Kaa, baba," alisema. Losike akakaa.

"Nimempata!" Akiru alipiga kelele. "Mzee, nimempata nyanya!"

Alianza kusoma. Alisoma kwa Kiturkana kwanza, sauti ikimkatika, kisha akamgeuzia Wol kwa Kiswahili ili naye asikie. Losike hakuwahi kuyasikia maneno hayo, ingawa alikuwa amekaa hapo hapo yaliposemwa.

"Nilikuwa msichana, na mwaka ule mvua ilitusahau. Nilitumwa na punda kutafuta maji. Katika mto mkavu nikamkuta mwanamke wa adui, wale waliomuua kaka yangu, anachimba mchanga kwa mikono. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto halii tena. Nilikuwa na kisu. Aliniona nacho, na hakuacha kuchimba. Basi nikashuka, nikachimba naye. Tulichimba jua likiwa juu mpaka likalala. Maji yalipotokea yalikuwa machache, ya kujaza kibuyu kimoja, na kibuyu kilikuwa changu. Tukatazamana. Ndipo nikamwambia..."

Baada ya hapo kulikuwa na weupe. Akiru alishusha ukurasa, ukawa mweupe. Alishusha tena, akakutana na mzee mwingine wa mahali pengine akizungumzia ng'ombe.

Alimgeukia Losike. Uso wake ulikuwa umelowa na unang'aa. "Alimwambia nini, Mzee?"

Losike alijaribu. Kwa mara ya kwanza maishani alijaribu kweli kukumbuka. Aliliona boma la Namoruputh, akaliona zizi, akaona hata rangi ya mbuzi, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni. Alizikumbuka mbavu na mafuta yake. Aliukumbuka moto. Upande wa pili wa moto palikuwa na mwanamke mzee aliyekuwa akichezesha midomo, na hakukuwa na sauti yoyote.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nakula."

Akiru akaangua kicheko, akajifuta macho. "Wol, unamwona huyu mzee? Hata sasa ananifanyia utani!" Alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe kwa mkubwa wake Lodwar: kitabu kimepatikana, kuna mapengo kidogo, Mwandishi mwenyewe atayajaza. Alituma, akaivuta laptopu karibu, akaweka mshale palepale kwenye weupe, na vidole juu ya kibodi. "Haya, Mzee. Mimi naandika. Ndipo nikamwambia nini?"

Jibu lolote lingetosha, na Losike alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Amezungumza kwenye mazishi ya watu asiowajua, akawaliza wajane. Angesema, "Kunywa wewe kwanza." Angesema, "Mpe mtoto." Lingekuwa neno zuri, Akiru angeliandika, lingesomwa mbele ya wageni, na watu wa Namoruputh wangelirithisha kwa wajukuu wao kama neno la Akoru. Aliliandaa mdomoni. Wol alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha msichana, mikono imefumbatwa, akimtazama bila hasira. Losike aliyatazama yale maneno mawili ya mwisho ambayo Namuria aliyachapa, na uongo uliomlisha karibu miaka thelathini ukakataa kutoka.

"Nilikuwa nakula, Akiru," alisema polepole. "Nyanya yako alikuwa anaongea, na mimi nilikuwa nakula."

Akiru alianza kucheka. Kisha akamtazama vizuri, na vidole vyake vikatoka kwenye kibodi.